Ombi la Kurudishiwa Dengue Yangu

Kwa Mkuu wa Maabara,

Ndugu yangu unayehudumia wagonjwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute mzima, wewe na darubini zako zote. Mimi ni yule fundi cherehani mwenye sweta la kijani, niliyeletwa kwenu Jumanne nikiwa nimeshikwa makwapa. Mlinitoboa kidole, tukangoja dakika kumi na tano, kipimo kikasema nina dengue. Nililia, kisha nikamshukuru Mungu kwa kunijulisha jina la kinachonivunja mifupa.

Siku ya tisa mkanipigia simu. Damu yangu mliyoipeleka maabara kubwa imerudi na majibu: sina dengue, wala sikuwa nayo. Kijana wenu akaniambia, "Furahi, mama!" Sikufurahi, na sababu zangu ni hizi:

1. Ugonjwa huo nilikuwa nimeshaupona. Kumnyang'anya mtu ugonjwa alioupona mwenyewe, kwa jasho lake, sijui huko maabara mnakuitaje. Sisi mtaani tuna jina lake.

2. Kijana alinieleza kwa upole kwamba virusi vya mbu vina ukoo, na kipimo cha haraka kinaweza kukuta mwilini alama zilizoachwa na ndugu wa dengue, hata za miaka ya nyuma, kikadhani ni dengue yenyewe. Sawa. Lakini mimi na dada yangu tumefanana kuanzia pua mpaka vidole vya miguu, na mama yetu hakuwahi kutuchanganya hata gizani. Naye hakuwa na mtambo wowote.

3. Kikundi chetu cha maombi kilifunga siku tatu kwa ajili ya dengue, kwa kuitaja jina. Jumapili nikasimama kanisani nikashuhudia kuponywa. Mwenyekiti wetu ni mama anayependa taratibu. Akisikia habari hizi ataniuliza ile mifungo ihamishiwe homa ipi. Nimwambie homa isiyojulikana? Nani atakubali kushinda njaa kwa ajili ya homa isiyojulikana?

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Dada yangu huyo hatukusemezana miaka saba, kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama, ambayo niliibeba kabla hata waliokuja msibani hawajaondoka. Jumanne ile jioni akafika na mfuko wake wa nguo, akasimama mlangoni, akasema, "Wewe mwizi, umekula?" Tangu hapo ananikorogea uji, amekalia cherehani hiyo hiyo, na amemaliza sare kumi na moja za wanafunzi zilizokuwa zimenilalia. Majirani wote wanasema dengue ndiyo iliyomleta. Akijua ilikuwa homa tu, atafunga mfuko wake. Karatasi yenu ya pili, niliyokuja kuichukua baada ya simu, nimeificha. Sijasema uongo, ndugu yangu, sijaulizwa tu.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mnirudishie dengue yangu kwa tarehe yake ya kwanza, na muhuri juu. Ikishindikana, nipeni ndugu yake yeyote mwenye heshima inayolingana. Na siku zijazo, kabla maabara kubwa haijakanusha ugonjwa wa mtu, itume mjumbe aone kwanza nani ameketi kando ya kitanda. Majibu yasiyoangalia hilo, mimi kwa elimu yangu ndogo siwezi kuyaita sahihi.

Nisalimie wote hapo, yule kijana wa simu, na dada wa mapokezi aliyenipa kiti chake. Mungu azidi kuwatia nuru machoni.

Mimi mgonjwa wenu, nikisubiri kuthibitishwa,
Fundi wa sare, nyuma ya shule

Nyongeza: Dada ameikuta barua hii akitafuta zipu. Ameisoma yote kwa sauti, mimi nimejifunika shuka mpaka kichwani. Anasema habari za dengue alizikuta hapa hapa. Yeye alipigiwa simu na muuza mkaa wa hapa mtaani kwamba nimeonekana nimelala mchana, akapanda gari saa ile ile, na alikuwa njiani kabla hamjanitoboa kidole. Basi majibu yenu ya pili yaacheni yalivyo, ni sahihi. Ila anawaomba msiifute haraka ile karatasi ya kwanza. Mumewe amepiga simu mara mbili kuuliza atarudi lini, naye amemjibu kwamba dengue haina haraka.