Kigoda cha Marehemu wa Kebirigo

Osoro alipochungulia sebule ya Nyamoita pale Kebirigo, hakuona makochi wala vitambaa vyake vya kufuma. Aliona kigoda. Miguu mitatu, gogo moja, cheusi kwa moshi wa miaka. Mjini Kisii, Anyona mwenye hoteli alikuwa akivisaka vya namna hiyo kwa ajili ya wageni wanaopenda kupiga picha.

Nyuma ya pikipiki Osoro alikuwa amefunga kiti cha kisasa, yaani tangi la maji la plastiki lililopasuka, alilolikata na kulilainisha motoni hadi likajikunja kama jani la mgomba, kisha akalipaka rangi ya maziwa. Kukikalia kulitaka mazoezi. Kutoka kulitaka jirani.

Akamweleza mama yule kwamba kiti hakina pembe kwa kuwa mwili wa binadamu hauna pembe, na kwamba huko Ulaya mbao zimebaki za mabanda ya kuku. Nyamoita akasikiliza kama yuko kanisani, kisha akauliza kitambaa kitawekwa wapi.

"Hiki hakivishwi, mama. Hii ni sanaa."

Basi wabadilishane, kiti kwa kigoda. Nyamoita akafuta machozi. Kigoda cha marehemu mume wake? Labda kiongezwe kitu cha kumtuliza marehemu. Pikipiki, kwa mfano.

Osoro akasita. Pikipiki ndiyo iliyomwokoa na wateja wake wote wa awali. Lakini kwa bei ya Anyona angenunua mbili. Akanyoosha mkono akipindue kigoda, akikague.

"Mwanangu," mama akasema polepole, "kwenu mnapindua kiti cha mzee ndani ya nyumba yake, na yeye amelala hapo nje?"

Kweli, kaburi lilikuwa kando ya migomba. Osoro ni tapeli, lakini ni Mgusii. Akarudisha mkono, akamkabidhi mama ufunguo wa pikipiki, akakibeba kigoda wima kama keki ya harusi, kwa miguu mpaka Kisii. Njiani alichoka sana. Hakukikalia.

Anyona hakuwa na adabu hizo. Akakipindua. Chini mbao ilikuwa nyeupe, mbichi, imeandikwa kwa penseli ya fundi: 17.

"Nyamoita huyo. Mimi aliniuzia cha nne na cha tisa. Huvitundika juu ya jiko wiki mbili, vikolee moshi."

"Na kaburi je?"

"La baba mkwe wake. Mumewe yuko hai, ndiye anayechonga." Anyona akamsogezea kigoda. "Kalia tu, ndugu. Hakina mwenyewe hicho."

Osoro akakalia.