Sakafu Yangu ni Imara

Jumatatu, 6 Mei

Daktari ameacha kunipa dawa. Siku hizi ananipa pole tu. Basi niseme ukweli wakati mkono bado unanitii: majirani zangu ni wajinga, na nimewavumilia kupita kiasi.

Mwekezaji anataka kubomoa nyumba za zamani za mtaa huu, kuanzia na yetu, ajenge jengo la vioo. Vioo! Kama vile watu hawa wana sura za kutazamwa. Manispaa itamtuma mhandisi Ijumaa awasikilize wakazi, ndipo iamue. Fundi cherehani wa chini ameshaahidiwa duka lenye kiyoyozi, kwa hiyo tangu asubuhi anahubiri maendeleo, sindano mdomoni. Natamani aimeze.

Mimi sihami. Marehemu mke wangu alifia katika chumba hiki cha juu, upande wa dirishani. Nafasi yangu ni hapo hapo. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Sikuzoea kupangiwa pa kukaa, sembuse pa kufia.

Jumanne, 7 Mei

Mpango! Nitakata roho hadharani, taratibu. Nani atavunja nyumba yenye mgonjwa mahututi ndani? Nimefumba macho. Nimeguna kila mtu alipopita ngazini. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye huja kunihudumia kila siku, ameniuliza: Baba, unaumwa au unaigiza? Nimemjibu vyote viwili, na ni kweli tupu. Akasema anayekata roho hahitaji chakula cha mchana. Akaondoka na sahani.

Jumatano, 8 Mei

Mwekezaji amekuja kunijulia hali! Kijana wa viatu vinavyong'aa. Ameniita babu, akaniletea kikapu cha matunda, akaninong'oneza kwamba jengo jipya litakuwa na lifti. Nikamjibu kwa sauti ya kaburini kwamba niendako hawatumii lifti. Jibu zuri mno! Hakulisikia mtu mwingine ila mkwe wangu, naye alikuwa anamenya chungwa langu.

Jioni fundi katangaza barazani kwamba mzee wa juu ana akili, ameanza kufa mapema akwepe kubeba vyombo. Watu wakacheka. Nimewasikia kupitia dirisha. Hata yule niliyemwandikia barua ya kuombea kazi alicheka.

Alhamisi, 9 Mei

Hoja yao sasa: sakafu yangu ya mbao imeoza. Nani kasema? Fundi. Eti nikigeuka kitandani vumbi linamwagikia vitambaa vyake. Mtu anayeshona suruali mguu mmoja mrefu leo ananifundisha ujenzi!

Nakiri hapa, maana karibuni nitaulizwa kwingine: mbao za dirishani zinabonyea. Nimezifunika mkeka tangu msiba.

Lakini nimepata dawa yao. Mkutano ufanyike chumbani kwangu. Nani atamkatalia mgonjwa mahututi? Wakijaa wote na sakafu ikawabeba, hoja yao itakufa kabla yangu. Mkwe wangu kaniuliza: Baba, watu wote hao, humu? Nimemwambia mimi nimesoma.

Ijumaa, 10 Mei

Walijaa. Wanaonipenda wachache, wanaonichukia wote, maana mgonjwa lazima aangaliwe, na wengine walitaka kuona nina samani gani. Mhandisi akabaki mlangoni na kofia yake ngumu.

Nikahutubia. Nilihutubia vizuri hata nikasahau kwamba nakufa. Nikawataka wasogee wote upande wa dirishani, waone sakafu isivyotikisika. Wakasogea. Nikawaambia wakanyage kwa nguvu. Wakakanyaga. Watu hawa hawajawahi kunisikiliza maisha yao yote, wakachagua kunisikiliza leo!

Mlio. Miguu miwili ya kitanda ikazama, nami nikateleza hadi miguu yangu ikatokeza kwenye dari la fundi, bila soksi. Sauti yake ikaja kutoka chini, tulivu kabisa.

"Shikamoo, mzee. Nikupime suruali?"

Ikabidi niitikie marahaba. Malezi ni mzigo.

Mhandisi hakugonga hata ukuta mmoja. Kasema nyumba ibomolewe, na mimi nitoke kabla ya jua kuchwa.

Jumamosi, 11 Mei

Niko kwa mwanangu, ghorofa ya tatu. Mkwe wangu amekiweka kitanda dirishani bila kuambiwa. Hajafa mtu hapa. Najiona mgeni.

Fundi alinibebea godoro begani hadi juu, akihema kama cherehani yake. Akaniuliza, baba, nililaze upande gani? Nikamwonyesha. Akalilaza vizuri, akalisawazisha kwa viganja. Sikumshukuru. Ningemshukuru, asingekuja kubishana tena.

Jumatano, 15 Mei

Habari! Mwekezaji mwingine anataka kubomoa jengo hili nalo. Wakazi wamekusanyika ngazini, wanalia, hawana mpango wowote. Wajinga kuliko wale wa kwanza!

Nimekaa kitako. Nimekunywa uji wote. Nimemtuma mkwe wangu awaite kesho, na mhandisi aitwe pia. Amenitazama, akasema, Baba, tafadhali. Nimemwambia asihofu, chumba hakitatosha, kwa hiyo watasimama kwenye roshani. Ni ya zege tupu. Nimeigonga kwa mkongojo. Ina ufa mmoja tu, na huo ni wa mapambo.