Nilivyomfunga Mama Mkwe kwa Kamba ya Mbwa

Kuna jambo nililoliamini kabisa hadi leo alasiri: kwamba mbwa akinusa simiti mbichi, pua yake inaganda ndani kwa ndani kama ukuta, na hatanusa mwizi tena mpaka afe. Aliyeniambia ni Simiyu, fundi anayenijengea nyumba upya hapa Kitale. Mimi, mtu wa masomo ya ngumbaru mwenye cheti ukutani (ukuta wenyewe ulianguka), nikaona hiyo ni sayansi tupu.

Basi leo nimeumbuka, na heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni.

Upepo ulipong'oa mabati yetu na kuangusha ukuta, mke wangu alichukua watoto akaenda kwa mamake kule Ndalu. Mama mkwe akatuma neno: atakuja mwenyewe kukagua, na asiporidhika, binti yake harudi. Sasa ningelala vipi? Nikamsimamia Simiyu kama mwalimu wa zamu. Tofali moja, ushauri mmoja. Ndipo akanionya kuhusu pua za mbwa. Tangu hapo, kila alasiri akianza kukoroga simiti, nawatoa mbwa wangu, Bosi na Meja, kutembea, kila mmoja na kamba yake ya mkonge. Bosi namshika mimi. Meja namwachia rafiki yangu Barasa, mtu wa Bungoma ambaye huja kunipunguzia mawazo na kuniongezea mengine.

"Bana, hii mbwa ndiyo inanitembeza mimi," akasema leo tukishika njia ya Saboti.

"Nyamaza. Tunaokoa pua."

Ninyi mnajua huku kwetu mbwa haoni kamba ila siku ya chanjo. Siku zingine tulipitia vichochoroni. Leo nilijitia kupita barabara kubwa. Mama mmoja akauliza kutoka shambani, "Ati chanjo iko kwa chifu leo?"

Badala ya kukana, Barasa akajibu, "Si unaona?"

Nilipogeuka nyuma baadaye, mbwa wa wilaya nzima walikuwa wanatufuata. (Sawa, kama kumi hivi. Lakini walibweka kama wilaya.) Wenyewe wamewafunga kwa kamba za ng'ombe, kwa mishipi, mmoja kwa tai ya kanisani.

"Waambie ukweli," nikamnong'oneza Barasa.

"Waambie wewe, si ndiye mwenye cheti?"

Kabla sijafungua mdomo, Bosi akaona dume moja lenye dharau. Akageuka. Akanivuta kulia, akazunguka, akanivuta kushoto, akazunguka tena, nami nikaangukia magoti. Kamba ilikuwa imezunguka miguu ya mtu mzima aliyekuwa akitupita kutoka nyuma, ikatukaza pamoja kama mzigo wa kuni. Nikaona viatu vya Jumapili. Nikaona kitenge. Nikainua macho pole pole.

Mama mkwe.

Kwa mila zetu siruhusiwi hata kumpa mkono. Miaka yote nimemheshimu kwa kumkwepa. Nikimwona mbele, naingia kwa mahindi. Leo tuko kamba moja, mbele ya foleni nzima ya chanjo.

Watu wakasogea kutazama. Nadhani hata mbwa.

Mama mkwe hakuniangalia. Alimwangalia Barasa, ingawa mimi nilikuwa karibu na viatu vyake kuliko soksi.

"Wewe kijana, mwambie huyo mkwe wangu atoe kamba."

"Anasema utoe kamba," Barasa akaniambia.

"Mwambie natoa."

"Anasema anatoa."

"Muulize hao mbwa wamekosa nini, wanatembezwa kama washtakiwa."

Nikaeleza, nikihangaika na fundo. Simiti, pua, kuganda, mwizi. Barasa akapeleka maneno yote bila kucheka, ila mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mama mkwe akangoja kamba imtoke mguu wa mwisho, akakung'uta kitenge chake.

"Mwambie nimetoka kwake sasa hivi. Paa nimeliona, ni zuri. Binti yangu na watoto watarudi Jumamosi. Na fundi wake nimeongea naye. Simiti haifanyi mbwa kitu. Fundi alichoka kusimamiwa."