Gari Lililovuja Mawese

Gentil alipolitazama gari jeupe lililoegeshwa mbele ya nyumba ya Maman Virginie, kule Bagira, hakuwa akiliona kwa mara ya kwanza. Wiki tatu nyuma aliliegemea, akavuta tumbo ndani, akajipiga picha na kuituma kijijini Katana kwa Papa Anaclet, baba ya mchumba wake Fabiola. Chini ya picha aliandika: "Mimi na gari yangu." Papa Anaclet, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi, alijibu: "Vizuri. Siku ya kujitambulisha uje nayo."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na leo ilikuwa Jumatano. Bila gari, hakuna Fabiola. Tena ilibidi liwe gari hilohilo, kwa sababu namba yake ilisomeka vizuri kabisa kwenye picha. Gentil alikuwa mpiga picha hodari.

Mtu mwingine angeomba. Lakini kuomba ni kazi ya watu wasio na diploma, na Gentil alikuwa nayo ya mekaniki, asilimia hamsini na moja, ile moja ikiwa zawadi ya Roho Mtakatifu. Alikaa akapanga. Angemwaga mafuta mekundu chini ya gari alfajiri, arudi kumekucha akiwa daktari wa magari, agundue ugonjwa, autibu, kisha aombe gari kwa majaribio ya barabarani. Alichunguza kila kitu: saa anayoamka Maman Virginie, misa anayosali, hata jina la mbwa. Hakuuliza jambo moja tu, yule mama anauza nini sokoni.

Anauza mawese. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Alhamisi alfajiri Gentil alimwaga nusu chupa ya mawese chini ya gari, akaenda kunywa chai. Chai ilileta maandazi, maandazi yakaleta mazungumzo. Aliporudi saa moja, amevaa nguo ya kazi ya bluu, baridi ya asubuhi za kiangazi ilikuwa imemtangulia. Mafuta yalikuwa yameganda kama siagi, na kuku wawili walikuwa wanayadonoa.

"Maman," alisema akiwafukuza kuku, "mimi ni docteur wa magari, nilikuwa napita tu. Gari yako iko inavuja."

"Inavuja nini, docteur?"

"Mafuta ya boîte, kule gia zinakaa. Angalia rangi. Ingekuwa nyeusi, ni ya moteri. Ingekuwa kijani, ni maji ya radiateri. Hii iko nyekundu."

"Na inaganda?"

"Gari inashikwaka na baridi, maman. Sawa vile mutu."

"Na kuku?"

"Kuku haikusoma, maman."

Maman Virginie alichovya kidole, akanusa, akaonja. Mawese ya kule Fizi, alisema moyoni, na aliyemuuzia ameyachanganya na maji. Alimhurumia kidogo: tapeli aliyetapeliwa kabla hata hajafungua kazi.

"Sawa, docteur. Kama macho yako inaona hivi, tafuta yote."

Akaleta makatoni, akayatandaza chini ya gari zima, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma. "Penye tone itaanguka, unatengeneza. Mpaka katoni ikae kavu, ufunguo ni wangu."

Kufika saa sita, makatoni yalikuwa na matone: jeusi moja, ya kijani matatu. Gari lilikuwa linavuja kweli. Gentil aliyatazama kama mtu aliyesali kwa mzaha, kisha mtakatifu akatokea mlangoni.

Siku mbili alilala chini ya gari. Aliosha injini kwa maji ya sabuni, akaikausha, akamwita Maman Virginie aiwashe, akafuata kila unyevu kwa tochi. Mpira wa maji ulikuwa umelegea penye pete yake. Aliushika kabla haujapoa, na vidole vilivyoungua vikamkumbusha somo alilolilalia darasani. Akaukaza ulipopoa. Kizibo cha chini cha mafuta ya injini kilikosa pete yake ya shaba. Pete mpya alinunua kwa pesa yake mwenyewe.

"Gentil," alijiambia, tone la kijani likimwingia sikioni, "wezi wenye akili wanaiba wamesimama."

Ijumaa jioni makatoni yalikuwa makavu.

"Sasa inabaki essai, maman, kuijaribu. Barabara ndefu. Katana hivi."

"Katana? Muzuri. Kesho niko na bidoni za mawese za kupeleka kule."

Jumamosi Gentil alishika usukani akiwa na suti. Maman Virginie alikaa nyuma na kitenge kipya, bidoni zimejaa kwenye buti.

"Docteur anaendaka essai na kravati?"

Gentil alikaza macho barabarani mpaka walipopita Kavumu, kisha akatapika yote: picha, Papa Anaclet, Fabiola.

"Na ile mawese ulinunua wapi?"

"Maman alijua?"

"Walikuibia. Ilikuwa nusu maji. Endesha."

Kule Katana, ukoo mzima wa Fabiola ulikuwa umesimama uani. Papa Anaclet alitoa simu, akalinganisha namba ya gari na ile ya kwenye picha, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akamgeukia Maman Virginie.

"Bila shaka wewe ni mama yake."

"Ni mimi."

"Na gari, ni yake kweli?"

Fabiola aliacha kupumua. Gentil alikuwa ameacha zamani.

"Ni yake," alisema Maman Virginie. "Lakini inalala kwangu, sababu huyu mutoto ananiheshimu. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, anakuja kuiosha, anaingia chini, anaangalia kama inavuja. Halafu ananipeleka soko. Hajawahi kuniomba hata franka. Na hata akioa, ataendelea. Si ndiyo, Gentil?"

Gentil alimtazama Fabiola. Akaitazama simu mkononi mwa Papa Anaclet.

"Ndiyo, mama."

Ukoo wote ukapiga makofi. Hakuna wakwe wasiompenda kijana anayemtii mama yake.