Malalamiko Kuhusu Mama Aliyeachwa Stesheni, Ukurasa wa Arobaini

Kwa Mheshimiwa Mtungaji wa Kitabu cha Kiingereza cha Watu Wazima,

Pokea salamu nyingi, nyingine uwagawie wa nyumbani kwako. Sisi hatujambo, isipokuwa hili jambo moja lililonifanya nishike kalamu badala ya mkasi.

YAH: MAMA WA UKURASA WA AROBAINI

Mimi ni kinyozi, tena si wa kubahatisha. Kibao cha dukani kwangu kimeandikwa "Kinyozi wa Mataifa", na sikukiandika kwa ubishi. Nimeshika vichwa vya mabaharia, vya mahakimu, na cha balozi mmoja mwenye upara aliyekuja kukaa tu kitini asikie habari. Shule niliiacha mapema, tukaachana kwa amani, lakini dunia yote imenifuata kwenye kiti changu.

Kilichonirudisha darasani na mvi zangu ni mjukuu. Mwanangu yuko ng'ambo. Huko amezaa binti, na binti huyo hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mimi nami Kiingereza changu kilikuwa "yesi" peke yake. Akipiga simu anasema, anasema, nami namjazia yesi. Siku moja baba yake akaniambia, "Baba, umemwahidi farasi." Nikaona heri nisome kabla sijaahidi tembo. Mtoto mwenyewe sijamwona, na simu yangu ni ile ndogo yenye tochi, haioneshi sura. Kila nikiuliza watakuja lini, mwanangu hunijibu "mwakani", na hiyo mwakani yake imeshaota mvi kunizidi.

Basi jioni, nikishafunga duka, tunakutana shuleni, kwenye madawati ya watoto, magoti yametufika masikioni. Nipo mimi, yupo mama mwenye bucha, yupo fundi miavuli, na nesi mstaafu tunayemwita Dozi, kwa sababu husahihisha watu kutwa mara tatu. Mwalimu wetu ni binti mdogo kuliko mkasi wangu, lakini heshima yake tunampa. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika ukurasa wa arobaini.

Nakukumbusha, maana mtungaji ana mengi kichwani. Mama mmoja alikwenda stesheni kumpokea mwanawe. Mvua ilinyesha. Alifungua mwavuli wake wa kijani, kijiti kimoja kikavunjika. Treni ilifika. Watu waliteremka. Mwanawe hakuteremka. Mama alirudi nyumbani. Basi! Chini yake, maswali.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Swali lako la kwanza linauliza: mwavuli ulikuwa wa rangi gani? Mheshimiwa! Mama kasimama mvuani, mwana haonekani, wewe unauliza rangi? Ukienda msibani wewe huuliza sanda imenunuliwa duka gani? Mama wa bucha alikifunga kitabu pa! akasema, "Huyu aliyeandika hana mama." Nilikutetea. Nilisema unaye, ila hujamtembelea karibuni.

2. Swali lingine linauliza mama alikwenda wapi. Niliandika, kwa Kiingereza kilichonitoa jasho: "Mtu mzima haulizwi aendako, huombewa afike salama." Nikapewa sifuri. Kumbe ulitaka "nyumbani". Hilo nililijua, Mheshimiwa. Nilikuwa namsitiri.

3. Zoezi linalofuata linatuamuru tuchukue sentensi za leo tuzipeleke jana: mama anangoja, sasa iwe alingoja. Kwa vitenzi vyenu vikaidi sina neno, kila ukoo una wakaidi wake. Kile cha kwenda, kikishafika jana hakifanani hata na mama yake mzazi, nami nimekizoea kama shemeji mlevi. Lakini kumpeleka yule mama jana tumekataa darasa zima. Nani kakwambia amemaliza kungoja? Mwalimu akatubembeleza, "Wazee wangu, hili ni zoezi tu." Dozi akamjibu, "Mwanangu, kungoja si zoezi. Kuna watu wanakunywa kungoja asubuhi na jioni, kama dawa." Kisha wote wakanitazama mimi, sijui kwa nini. Nikajifanya nachonga penseli.

4. Aliyeumia kabisa ni fundi miavuli. Kijiti kilichovunjika, kwake ni kama mgonjwa aliyetelekezwa mlangoni. Akatafuta mwavuli wa kijani, kijani kile kile cha kwenye picha yako, akaukaza vijiti vyote, akaja nao darasani. Haya, tumpe nani? Jumamosi iliyopita tukaenda stesheni wote, isipokuwa mwalimu aliyesema anaumwa kichwa. Tulisema labda yule mwana alichelewa tu. Mkuu wa stesheni akatuuliza, "Wazee, mnampokea nani?" Mama wa bucha akasema, "Mtoto wa ukurasa wa arobaini." Akatutazama mmoja mmoja. Nikafungua kitabu nikamsomea, huku namtafsiria, mpaka akavua kofia. Treni ikaingia. Watu wakateremka, wakaisha. Mkuu wa stesheni mwenyewe akachungulia behewa la mwisho, akarudi aking'aka: "Watoto wa siku hizi!" Sasa naye kajiandikisha darasani, na dawati limemkaba kuliko sisi.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu na bila vitisho (vitisho anavyo mama wa bucha, na visu vyake), tunaomba mwana ateremke. Akiteremka na kibegi kidogo hatutauliza. Akija bila zawadi hatutanuna. Ateremke tu. Ni sentensi moja, Mheshimiwa, na kama wino umekuishia sema nikuletee. Swali la rangi nalo lifutwe, maana halina faida kwa binadamu yeyote. Mwavuli tumeufunga kwenye kifurushi tutakachotuma na barua hii. Umfikishie mama yule, kwa kuwa wewe ndiye mwenye anwani yake.

Ukipita huku, karibu dukani. Nitakunyoa kwa mkono wangu mwenyewe, na nitakuwa nimeshakusamehe.

Darasa zima linakusalimu. Mkuu wa stesheni anakusalimu, kofia mkononi. Mwalimu anakusalimu kwa aibu. Msalimie mama yako. Na ukiweza, salamu hizo zipeleke kwa miguu yako.

Wako mtiifu kwa kurasa zote isipokuwa mmoja,
Kinyozi wa Mataifa

Baada ya sahihi: Leo Jumapili posta imefungwa, basi barua ilikuwa bado mezani mjukuu alipopiga simu. Akataka hadithi. Kiingereza changu kina hadithi moja tu, ya kwako. Nikamsimulia yote, kila kitenzi nikakipeleka jana, wakaidi na watiifu. Nilipofika kwenye mwavuli akanikatiza: wa rangi gani? Kabla hajameza mate nikamwambia: kijani! Mheshimiwa, ndiyo mara ya kwanza mtoto yule kuniuliza jambo nikampa jibu lisilokuwa yesi. Alicheka. Kisha akauliza lile usilouliza wewe: kwa nini mwana hakuteremka? Nikamwambia amuulize baba yake, mwenye Kiingereza kingi. Nikamsikia akimuuliza. Kiti kikaburutwa, mwanangu akashika simu.

"Baba, hiyo hadithi umeitoa wapi?"

Nikasema kitabuni.

"Na yule mama alifanyaje?"

Nikasema alirudi nyumbani. Akasema, "Tunakuja mwezi ujao, Baba. Tiketi nakata leo."

Hakusema mwakani.

Kwa hiyo nakuomba, kwa unyenyekevu ule ule, usibadilishe hata nukta. Mwana asiteremke. Mama arudi nyumbani na mvua yake, maana wako wana wengine wanaosikiliza. Swali la rangi libaki la kwanza, tena liandikwe kwa herufi nene. Kama kitabu chako cha pili kina farasi, nitumie upesi, mtoto hajasahau. Na mwavuli usiusubiri, nimeuchomoa kwenye kifurushi. Mjukuu amesema, kwa kuwa haijui sura yangu, akishuka stesheni atamtafuta babu mwenye mwavuli wa kijani.