Machozi ya Juré Namba Sita

Jumatatu, 4 Novemba
Nimepata! Kesho naingia kwenye filamu. Wafaransa wanaitengenezea hapa Brussels, kisa cha kweli: mke wa mtu kauawa. Mimi ni juré, yaani mmoja wa raia wanaokaa na majaji kuamua kesi. Sina neno hata moja la kusema. Haidhuru, uso unatosha. Kazi kanitafutia Régine wa saluni ya mtaa wa Chaussée de Wavre, anayetengeneza mawigi ya filamu hiyo. Régine! Nimemposa mara mbili. Kasema atanijibu Jumapili, akishaona nitakavyomtunzia heshima kazini. Kanipa na karatasi za hadithi nisome, kurasa mia na kumi. Nimeweka sufuria ya maharagwe juu yake.

Jumanne, 5 Novemba
Namba sita mimi, namba saba Élisée, fundi wa lifti wa Anderlecht. Naye anamtaka Régine, mjinga yule. Akaingia mama wa marehemu, analia. Analia kweli! Natazama jirani zangu: macho makavu. Kwetu Bukavu asiyelia kwenye matanga ndiye mchawi. Na Régine kasimama pale na kitana chake, anaona! Nikaachia. Nilianza na kwikwi nikamalizia sakafuni, nikimwita marehemu mwanangu. Muongozaji akapiga kelele wakate, akauliza huyu ni nani. Élisée akajibu kwa upole, mnafiki, kwamba ni papa Bienaimé, bon, iko na roho laini.

Jumatano, 6 Novemba
Nimehamishiwa nyuma ya nguzo. Wivu tu! Leo mume wa marehemu kalia kizimbani, nami nikamsaidia kulia nyuma ya nguzo yangu, kitunguu ndani ya leso. Mwigizaji kasahau maneno yake. Wakati wa chakula nikawatangazia wote kwamba mume yule hana hatia, muuaji ni shemeji, hajatoa chozi hata moja. Watu wakatazamana. Régine akauliza kama nilisoma karatasi. Nikamwapia kwamba nimesoma zote, mara mbili.

Alhamisi, 7 Novemba
Ni mume! Alimuua mwenyewe, kisha akalia kwenye televisheni, akawashika wakwe mikono, akaongoza maandamano. Eti imeandikwa ukurasa wa tatu. Élisée alicheka mpaka akashika mbavu. Régine hakucheka. Alisema polepole, wigi mkononi, kwamba donc muntu wa kulia sana ni wa kuangalia. Halafu akakumbuka matanga ya mama yake, nilivyolia kuliko watoto wa marehemu. Akauliza nilimjulia wapi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwona. Nikasema kanisani. Mama yake alikuwa Mwislamu.

Jumapili, 10 Novemba
Jibu ni non. Nimelipata mlangoni mwa saluni, mbele ya wateja wanne. Ndani Élisée anatengeneza mashine ya kukaushia nywele, mkavu kuliko mashine yenyewe. Régine anasema mwanaume huyo hajamdanganya hata mara moja, na machozi yangu hayaamini tena. Imeniuma. Imeniuma sana, na cha ajabu, njia nzima mpaka nyumbani sikutoa hata tone.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu: sikulia vya kutosha! Kesho saa nne saluni itakuwa imejaa. Nitaingia, nitaanguka katikati, nitalia mpaka aamini. Nimeshanunua vitunguu vitatu, vile vyekundu.