Ombi la Kusogezewa Mji wa Magharibi

Mheshimiwa Meneja wa Ratiba za Ndege,

Natumaini waraka huu unakukuta ukiwa salama, na ukiwa ardhini.

Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu, niliyeajiriwa juzi katika mji ambao ratiba yenu inadai uko kilomita elfu saba na mia tatu kutoka hapa, mwendo wa saa tisa. Kwa saa hizo tisa mnanivunjia ndoa. Baba wa mchumba wangu, fundi cherehani mwenye msimamo mgumu kuliko kola anazoshona, ametamka mbele ya wateja wake: "Binti yangu haolewi mbali kupita mwendo wa saa nne. Akilia, nifike machozi hayajakauka." Basi yapokee malalamiko yangu.

1. Saa tisa hazipo. Ndege yenu huondoka hapa saa nne asubuhi na kutua kule saa saba mchana, siku hiyohiyo. Nne mpaka saba ni tatu. Hilo halihitaji shahada, ingawa ninayo. Sita nyingine mmezitoa wapi? Nilipomweleza mkwe, aliuliza bila kuinua macho kwenye sindano: "Na kurudi, bwana msomi?" Kurudi, kwa saa ya ukutani, ni kumi na tano. Niligeuzia mazungumzo kwenye ramani.

2. Rubani wenu anapinda. Mkwe aliitandaza ramani ya dunia juu ya meza ya kukatia, akaipima kwa futikamba: inchi tano zilizonyooka. Lakini mchoro wenu unaonyesha njia iliyobinuka kaskazini kama mgongo wa paka. "Huyu angenikatia suruali hivi," alisema mkwe, "ningemfukuza kabla ya chai." Najua, nimesoma, kwamba dunia ni mviringo. Ramani ya mkwe si mviringo, na mwenye binti ni yeye.

3. Ikiwa kwenda magharibi kunapunguza saa, kurudi kwa mashariki ni uzembe. Ndege iendelee magharibi tu, mpaka itokee hapa kwa mlango wa nyuma. Nimepiga hesabu: mke wangu atamfikia baba yake jana, kabla hajaanza kulia. Nanyi mtaweza kuuza tiketi abiria akiwa ameshawasili.

Naomba cheti chenye muhuri kinachothibitisha saa tatu, kabla ya Jumamosi, siku mkwe atakapotoa jibu lake. Wasalimie marubani, wahudumu, na yule dada wa mapokezi aliyenikatia simu mara nne, namsamehe.

Wako katika hoja,
Mhitimu, Mkwe Mtarajiwa

Tanbihi: Cheti hakihitajiki tena. Mkwe ameshawishika kupita kiasi. Ikiwa ni saa tatu tu, anasema, atakuwa akija kila Ijumaa na cherehani yake, na ameniagiza nipime upana wa sebule yetu. Kwa heshima zote, naomba safari irefushwe hadi saa thelathini. Mchumba wangu, anayesoma begani kwangu, anasema niandike arobaini.